Bawa la Kasuku Halikatwi kama la Kuku

Nyumbani kwetu yupo kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, tuliyemrithi kwa marehemu mjomba wetu. Kwa miaka mingi ndege huyo ndiye aliyekuwa bawabu wetu: hodi ikipigwa, yeye huitikia "Karibu" kabla hajatokea mtu. Kisha alinyamaza, na kimya chake kikapita mwaka mzima. Waliomnyamazisha ni sisi wenyewe. Na kwa kuwa twajua zipo nyumba nyingine, Unguja na Pemba, ambamo kosa kama letu laweza kutendeka hata kesho, tumeona tulieleze hapa bila ya kuona haya.

Jambo lenyewe lilianza kwa nia njema. Kasuku alizoea kufunguliwa tundu wakati wa jioni, akiruka kutoka chumba hadi chumba. Siku moja aliponea chupuchupu kwenye pangaboi; siku ya pili akatua hatua mbili tu kutoka kwenye karai la mafuta yaliyokuwa yakichemka. Tukakata shauri kwamba apunguzwe mabawa. Jirani yetu mmoja, mfugaji hodari wa kuku, akajitolea. Alimkamata, akalinyoosha bawa moja, na kwa mkasi wa kushonea akayakata manyoya yote makubwa hadi karibu na nyama. Bawa la pili akaliacha. Ndivyo afanyavyo kwa kuku wake, na kwa kuku hana kosa: kuku akipunguzwa bawa moja hupoteza mizani, asiweze kuvuka ua, naye hapandi juu kiasi cha kuumia akianguka.

Jioni ile kasuku alijirusha kutoka juu ya kabati kama ilivyokuwa desturi yake. Bawa moja lilimbeba, la pili halikumbeba; akazunguka kama pia, akaangukia kidari juu ya sakafu ya saruji. Ngozi ikapasuka hata mfupa ukaonekana. Daktari wa mifugo alimshona, na alipokwisha kushona alitufunza yale yaliyotupasa kuyajua kabla ya kuushika mkasi.

Kasuku wa kijivu ni ndege mzito kwa umbo lake. Uzito wake huwa kama gramu 400 hadi 500. Haifai kumkata hata akaporomoka kama jiwe. Lililo muhimu ni kwamba asiweze kupaa juu, lakini aweze kushuka polepole na kutua kwa miguu yake. Kwa hiyo hukatwa mabawa yote mawili, sawa kwa sawa, tena manyoya machache. Kila bawa lina manyoya 10 makubwa ya kurukia upande wa ncha. Yale yafuatayo, yaliyo karibu na mwili, hayaguswi. Huanzwa na manne ya nje kila upande, kisha ndege hujaribiwa chumbani, juu ya godoro, madirisha yakiwa yamefungwa. Akiwa bado anapaa, huongezwa moja moja kwa pande zote mbili.

Na kila unyoya ukatwe peke yake, baada ya kutazamwa mwangani. Unyoya unaoota bado una damu ndani yake: shina lake ni nene, limevikwa ala, na damu huonekana kwa rangi nyeusi au ya zambarau karibu na mzizi. Huo haukatwi kamwe, na jirani yake mmoja huachwa ili aukinge. Ukikatwa kwa bahati mbaya, pakandamizwe kwa unga wa ngano na kitambaa safi, na ndege apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa. Uliokomaa hukatwa chini kidogo ya mahali yanapoishia manyoya madogo yanayofunika mashina. Jirani yetu alikata juu mno; vigutu vikawa vinamchoma kasuku ubavuni, naye akaanza kujidonoa hata akabaki na kipara.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja humfunga ndege kwa taulo na kumshika kichwa kwa nyuma, chini ya taya, na mwingine hulishika bawa penye mfupa, akate. Kidari kisibanwe hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha pumzi kama chetu. Huvuta hewa kwa kukiinua na kukishusha kidari chake, na wapo waliokufa mikononi mwa watu waliodhani wanawashika vizuri. Kinda naye asikatwe mpaka amejua kuruka na kutua.

Si sahihi kudhani kwamba ndege aliyekatwa hawezi tena kwenda popote. Manyoya hupukutika na kuota upya, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, na mwenyewe asipokagua hatajua. Upepo wa kusi waweza kumwinua kutoka roshani hata mwenye manyoya pungufu, ukamtupa uwanjani walipo paka na kunguru, naye hana la kujiokolea. Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tulipoisoma hatukuwaza kwamba iko siku itatuhusu.

Kwa upande wa wakuu wa serikali, tuna neno. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu mwaka 2017, baada ya uamuzi uliopitishwa Johannesburg mwaka 2016 chini ya mkataba wa CITES. Ndege hawa huweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo walioko majumbani watakuwa nasi muda mrefu, na anayekufa kwa ujinga si rahisi kumpata mwingine badala yake kwa njia ya halali. Maofisa wa mifugo huzunguka vijijini kuchanja kuku dhidi ya kideri. Siku hiyo hiyo, kwa robo saa tu, wangeweza kuwaonyesha wananchi unyoya wenye damu na unyoya uliokomaa. Hakuhitajiki fungu jipya la fedha. Na mtu akileta ninga wa Pemba, ambaye duniani kote hapatikani ila kisiwani humo, akitaka akatwe mabawa, aulizwe kwanza amempata wapi.

Daktari wetu alituambia pia kwamba mara nyingi mkasi hauhitajiki kabisa. Tulimsikiliza. Mlango wa jiko tumeutia wavu, na pangaboi huzimwa kabla tundu halijafunguliwa. Vigutu vilipukutika kimoja kimoja, manyoya yakarudi, na asubuhi moja hodi ilipopigwa, kasuku akaitikia "Karibu". Aliyekuwa mlangoni ni yule jirani mwenye mkasi.