Mai Ikijaa, Samaki Inaenda Wapi?



Kila mwaka, mto ukijaa, nasikia maneno yaleyale sokoni. Mnunuzi analalamika kwamba bei ya samaki imepanda. Mama muuzaji anamjibu kwa maneno mawili tu: "Mai imejaa." Mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa mtu ambaye hakukulia kandokando ya mto, jibu hilo ni la ajabu. Maji mengi si yangeleta samaki wengi? Kumbe yule mama anasema kweli, na sayansi inamuunga mkono. Nataka leo tuelewe vizuri sababu yake, maana kati yetu wako wengi ambao minerval yao ililipwa na samaki, kuanzia shule ya msingi hadi iniversite.

Mvua gani, na mto gani?

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, lakini inazidi mara mbili: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Watu wengi wanafikiri mvua inayopiga mabati ya Makiso na Mangobo ndiyo inayojaza mto mkubwa. Sivyo.

Mto Kongo unatufikia ukiwa na jina la Lualaba. Unaanzia Katanga, unapokea maji ya Ziwa Tanganyika kupitia mto Lukuga, unapita Maniema, halafu unateremka maporomoko saba ya Boyoma, kwenye urefu wa kilomita zipatazo 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Mvua iliyonyesha kule juu inachukua wiki nyingi kufika hapa. Ndiyo maana unaweza kuona mto unapanda na kwetu jua linawaka.

Mito Tshopo na Lindi ni habari nyingine. Inatoka katika msitu wa upande wetu, na mvua kubwa ya siku mbili au tatu inatosha kuibadilisha rangi na kasi. Kwa hiyo mvuvi wa Kisangani anasoma maji ya aina mbili: yale ya mbali yanayopanda polepole, na yale ya karibu yanayokuja kwa fujo.

Maji yakipanda, kunatokea nini?

Jambo la kwanza, samaki wanatawanyika. Mto ukivuka kingo zake unaingia msituni, na samaki wanaufuata. Huko kuna matunda yaliyoanguka, wadudu, minyoo, na fasi ya kujificha. Aina nyingi zinataga mayai wakati huohuo, ili watoto wazaliwe penye chakula. Kwa hiyo samaki hawajapungua. Wamehama tu, na wavu wako uliobaki katikati ya mto unachuja maji matupu. Mwaka 1989 wataalamu watatu, Junk, Bayley na Sparks, waliandika maelezo mashuhuri kuhusu mito ya namna hii: kupanda na kushuka kwa maji ndiyo mapigo ya moyo wa mto. Ukiyazuia mapigo hayo, uzazi wa samaki unapungua.

Jambo la pili ni matope. Mvua inaosha udongo na kuuingiza mtoni. Samaki wanaowinda kwa macho, kama mbenga mwenye meno makali, wanapata shida. Ngolo, wanaoitwa kambare kwingine, hawajali sana, kwa sababu wanatafuta chakula kwa ndevu zao na kwa harufu.

Jambo la tatu ni hewa. Majani yaliyofunikwa na maji msituni yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Maji yanakuwa meusi kama chai. Ngolo anavumilia kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji. Samaki wengine lazima wakimbie au wafe.

Jambo la nne ni nguvu ya mkondo, na hapo tunafika kwa Wagenia.

Wagenia na mkondo

Poromoko la mwisho la Boyoma liko hapa mjini, na Wagenia wanavua humo kwa namna inayojulikana duniani. Wanasimamisha miti mikubwa katika matundu ambayo maji yenyewe yalichimba ndani ya mwamba, wanaifunga kwa kamba za msituni, na wanateremsha vikapu vikubwa vya kusukwa, vyenye umbo la pembe, ndani ya mkondo mkali. Maji yanapita na samaki mkubwa anabaki. Wanakagua mara mbili kwa siku.

Angalia akili iliyomo. Kikapu hakimfuati samaki. Kinangoja mkondo umlete. Bila mkondo, kikapu hakina kazi. Mkondo ukizidi, miti inavunjika na mtu anaweza kupoteza maisha. Vilevile, tundu za kikapu ni pana, kwa hiyo samaki mdogo anapita na kuendelea kukua. Kwa maneno mengine, mtego huu unalinda mbegu ya kesho.

Maji yetu yanafika hadi baharini

Msidhani habari inaishia hapa. Maji yanayopita mbele ya Kisangani yanafika Muanda, kwenye pwani yetu fupi ya kilomita zipatazo 40. Mto Kongo unamwaga baharini wastani wa mita za ujazo 40,000 hivi kila sekunde, na duniani ni Amazon tu inayoushinda. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu kama mafuta. Samaki wa bahari asiyevumilia maji matamu anashuka chini au anaenda mbali, na yule aliyezoea mlango wa mto anasogea karibu.

Wavuvi wa Malindi, nchini Kenya, wanalijua jambo hilo. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unaigeuza bahari yao kuwa ya kahawia. Uvuvi wa siku hizo unavurugika, lakini rutuba iliyoletwa na mto inalisha kamba wa ghuba ya Ungwana. Hasara ya leo inaweza kuwa chakula cha kesho, baharini kama mtoni.

Hatari yenyewe iko wapi?

Mafuriko ya kawaida ni rafiki wa mvuvi mwenye subira. Maji yakishuka, samaki wanarudi mtoni pamoja na watoto wao, na mavuno yanakuwa mengi. Hapo ndipo tunapoharibu. Watu wanaziba vijito kwa vyandarua vya mbu na kuchota hata samaki wa urefu wa kidole. Anayefanya hivyo anakula mbegu.

Pili, tunakata miti kwenye kingo, na mvua inaporomosha udongo. Taka za plastiki zinafuata mitaro hadi mtoni na kunasa kwenye nyavu.

Tatu, mafuriko makubwa sana yanabomoa kila kitu. Januari 2024 mto ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, karibu sawa na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Nyumba ziliingia maji katika majimbo mengi, Tshopo ikiwemo. Mvuvi aliyepoteza mtumbwi na nyavu hangoji tena maji yashuke. Anaanza na deni.

Sisi tufanye nini?

Nasema hasa na wafinalisti wanaotafuta kichwa cha memware. Chukua soko moja na kipimo kimoja cha maji. Kila wiki, kwa mwaka mzima, andika kina cha mto, aina ya samaki waliofika, na bei. Ni kazi ya daftari na kalamu, lakini ikirudiwa miaka 10 na wanafunzi 10, mji utajua kabla ni mwezi gani familia za wavuvi zitakosa pesa, na ni wiki gani vijito viachwe wazi ili samaki wadogo wapite.

Na kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, nenda kakae na wazee wa Wagenia na akina mama wa sokoni, uwasikilize kwa heshima. Tayari wana jibu kwa maneno mawili. Kazi yetu ni kuliwekea tarehe na vipimo.