SOMO LA REDIO: CHANJO YA UKIMWI NA TAA ZILIZOMO MWILINI

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa karibu na redio.

Juma lililopita mama mmoja wa darasa la Buzuruga aliuliza hivi: "Watoto wetu huchanjwa surua. Mbona chanjo ya UKIMWI haiji?" Mama, swali lako ni zuri. Chanjo hiyo haijapatikana bado, na mtu akikuuzia stendi, amekudanganya.

Lakini wataalamu hawakulala. Mwaka 2007, katika Dar es Salaam, watu 60 wenye afya walijitolea kujaribu chanjo, na miili yao iliitikia vema. Baadaye watu 1,512 walijiunga na jaribio jingine katika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika ya Kusini. Mwaka 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwa kuwa halikuonekana tumaini la kuwakinga watu. Basi mwili kuitikia chanjo ni jambo moja, na mwili kukingika ni jambo jingine.

Sasa sikilizeni habari za jeni. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili, nayo huiambia chembe ifanye kazi gani. Ninyi watu wa Mwanza mmeona taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. (Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua.) Kila mtumbwi una taa, lakini si zote zinazowaka saa ile ile. Jeni nazo ni vivyo hivyo: zipo zinazowaka na zipo zilizozimwa. Jeni inayowaka hutoa nakala za agizo lake, na wataalamu huweza kuzihesabu katika damu.

Walizihesabu katika damu ya watu waliochanjwa Thailand. Huko, jaribio la watu zaidi ya 16,000 lilionyesha mwaka 2009 kwamba chanjo ilipunguza maambukizo kwa kadiri ya 31 katika 100. Ni kidogo, haikutosha kutumiwa. Lakini kwa nini huyu akingwe na yule asikingwe? Mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba waliochanjwa, ambao kundi fulani la jeni liliwaka zaidi mwilini mwao, waliambukizwa kwa uchache. Jeni hizo huwaka hasa katika chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu. Kingamwili hukishika kirusi, kisha chembe hiyo hukimeza, kama kambare amezavyo dagaa.

Angalieni, sikusema kwamba jeni hizo ndizo zilizowakinga. Pengine ni dalili tu, kama moshi kwa moto. Hata dalili inafaa: chanjo mpya ikijaribiwa, damu itaweza kuonyesha mapema kama taa zinazotakiwa zimewaka, kabla ya kungoja miaka.

Sasa fungueni madaftari. Someni kwa sauti, kisha andikeni: chanjo, chembe, jeni, kingamwili.