Kinyonga wa Mtoto Akifa Ghafla

Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia malaria, kuhara na chakula bora. Safari hii tunazungumzia kifo cha kinyonga. Msicheke. Kinyonga akifa nyumbani bila sababu kujulikana, kuna mambo mawili yanayohusu afya ya nyumba nzima: kitu kilichomuua, na moyo wa mtoto aliyekuwa akimtunza.

Wazee wengi hawapendi kinyonga aingie ndani. Katika makabila mengi ya Kibantu iko hadithi ya kinyonga aliyetumwa kuwapelekea watu habari ya uzima, akatembea polepole mno hata habari ya kifo ikamtangulia. Wengine humwogopa wakidhani ana sumu. Kinyonga hana sumu. Akiuma, anafinya tu. Watoto hulijua hilo upesi kuliko sisi. Humwokota migombani kule Tukuyu, au kwenye ua la nyumba kule Mufindi, wakamweka katika boksi na kumkamatia panzi. Siku ya nne au ya kumi wanaamka na kumkuta ameanguka chini, rangi imebadilika, macho yamedidimia. Jana alikuwa akila. Je, amekufa kwa nini?

Kwanza ni lazima tuelewe kwamba kifo hicho mara nyingi si cha ghafla. Kinyonga huwindwa na ndege na nyoka, na mnyama anayewindwa haonyeshi udhaifu wake. Huweza kuwa mgonjwa kwa majuma kadhaa huku ameshikilia kijiti kama kawaida. Siku anapoachia kijiti ndiyo siku yake ya mwisho, nasi tunasema amekufa ghafla.

Sababu inayoua wengi ni kiu. Mtoto mwema humwekea kinyonga maji katika kifuniko cha chupa, naye kinyonga anakufa kwa kiu kando ya maji hayo. Hayatambui. Yeye hulamba matone ya umande na ya mvua juu ya majani. Macho yaliyodidimia ni dalili ya kukosa maji, kama vile mtoto mchanga anayeharisha.

Sababu nyingine ni joto. Milima yetu ina vinyonga wake wenyewe. Yuko mmoja wa Milima ya Poroto, karibu na ziwa Ngosi, ambaye dume lake lina pembe tatu. Wataalamu humwita kwa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la wakoloni wa Kijerumani, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1900. Kinyonga huyu amezoea ukungu na baridi ya mahali palipo juu ya mita 2,000. Mtoto akimshusha kwa basi hadi Chimala, kwenye joto la Usangu, au akiliacha boksi chini ya bati saa sita mchana, kinyonga hana pa kukimbilia. Porini angeingia kivulini.

Jike wa kinyonga wa kawaida, yule wa sehemu za chini, hutaga makumi ya mayai kwa mara moja, na huyataga ndani ya shimo analochimba mwenyewe. Ndani ya boksi hakuna udongo. Huzunguka huku na huku siku mbili tatu, watoto wakidhani anacheza, kisha hufa mayai yakiwa tumboni. (Yule wa Poroto hatagi, huzaa watoto walio hai.) Tena vinyonga wengi wa porini wana minyoo, na minyoo hiyo humzidi nguvu mnyama aliyebanwa na mwenye hofu. Wengine ni umri tu. Kule Madagaska kuna aina moja ambayo huishi miezi michache tu tangu kutoka katika yai, kisha wote hufa.

Sasa tufike kwenye sababu inayotutia wasiwasi zaidi, nayo ni dawa za kuua wadudu. Wakulima wa viazi wa Umalila na Uporoto, na wa nyanya kule Ilula, hupiga dawa mara nyingi kwa msimu. Panzi aliyekamatwa katika shamba lililopigwa dawa jana ni sumu kwa kinyonga. Na boksi lenyewe limetoka wapi? Iwapo ni boksi la dukani lililobebea chupa za dawa, basi kinyonga alilala ndani ya sumu. Lakini tazama: ni nani aliyemkamata panzi yule kwa mikono mitupu? Ni nani aliyelibeba boksi lile kifuani, akaliweka chini ya kitanda? Kinyonga ana mwili mdogo, akafa kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mchawi aliyemtuma kinyonga afie mlangoni, mzazi akague nyumba yake. Bomba la kupigia dawa lisikae chumbani. Chupa tupu ya dawa isitiwe mafuta ya taa, wala maji. Dawa ya panya isiwekwe kwenye sahani.

Mtoto akianza kutoka mate na machozi mengi, akatoka jasho, akatapika, misuli ikamtetemeka au pumzi ikawa nzito, hiyo huenda ikawa ni sumu ya dawa. Mvueni nguo, mwosheni mwili kwa maji mengi na sabuni, na aoshaye ajikinge mikono yake. Msimtapishe kwa nguvu wala kumnywesha maziwa mkidhani yanaondoa sumu. Mpelekeni upesi zahanati au hospitali, na chupa yenye karatasi yake mwende nayo, ili mganga ajue ni dawa gani.

Maiti ya kinyonga ifukiwe, isitupwe jalalani wala kisimani. Anayeishika atumie jani au mfuko, kisha anawe kwa sabuni. Kinyonga, kobe, mijusi na nyoka hubeba matumboni mwao vijidudu vinavyoleta kuhara na homa kali, hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hata kama mnyama mwenyewe anaonekana mzima. Kwa ajili hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo, kwani watoto waliwatia mdomoni. Lakini msiwatishe watoto kwamba kinyonga ameleta kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ni wa wanyama wanaonyonyesha, naye kinyonga hana.

Tumemaliza habari ya kinyonga. Imebaki habari ya mtoto.

Baba anarudi jioni anamkuta mtoto wa miaka minane analia, hataki ugali. Anaambiwa sababu, anacheka: “Kidudu tu hicho! Kesho utaokota kingine.” Baba huyo si mkatili, ila hajui anachokijibu. Mtoto hakulilia mdudu. Amelilia kitu alichokilisha kila siku, ambacho kimeondoka bila kuaga na bila mtu kumweleza.

Afadhali kumwambia kwa maneno yaliyo wazi: “Amekufa. Hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi.” Msimwambie kwamba amelala, maana wako watoto ambao baada ya hapo huogopa kulala. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hafahamu kwamba kifo hakirudi nyuma, na kesho huenda akafukua ajue kama ameamka. Asipigwe, aelezwe tena. Mkubwa kidogo ataulizia kosa lake: “Ni mimi niliyemuua?” Kama ni maji, mwambieni ni maji, na kwamba hakujua, wala hakuna aliyemfundisha. Kama hamjui, mwambieni hamjui. Mwacheni achimbe kaburi, aweke jiwe au ua akitaka. Hilo si mchezo mbaya, wala si kuita mikosi.

Kuna watoto ambao kilio chao huonekana kupita kiasi, na hapa wazazi na walezi wa mikoa hii wanapaswa kufikiri sana. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2011/12 ulionyesha kuwa Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ilikuwa na karibu watu 15 wenye virusi vya UKIMWI katika kila watu wazima 100, kiasi kikubwa kuliko mkoa wowote mwingine wa Tanzania. Iringa na Mbeya zilikuwa na karibu 9. Leo dawa zipo, na anayezimeza kila siku huishi miaka mingi. Lakini nyumba nyingi zimezika, na mara nyingi watoto waliambiwa kwamba mama amesafiri, au hawakuambiwa lolote, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa wa aibu. Mtoto wa namna hiyo akimkuta kinyonga wake amekufa bila sababu, linamrudia lile la kwanza. Anauliza kwa nini kinyonga amekufa, naye anataka kujua habari ya mama.

Bibi au shangazi anayemlea asikimbie swali hilo. Aketi naye jikoni jioni, amweleze mama aliugua nini, aliuguzwa na nani, amezikwa wapi, na kwamba halikuwa kosa la mtoto. Kama mtoto ni mdogo, inatosha kusema mama aliugua ugonjwa mkubwa na mwili ukashindwa. Jina la ugonjwa atalijua kadiri akili yake inavyokua, na ni vema alisikie nyumbani kabla hajalisikia shuleni kwa kuzomewa. Mtoto akipitisha majuma kadhaa halali, hali vizuri, anakojoa kitandani ilhali aliacha zamani, au hataki shule, mwalimu wake aambiwe, na apelekwe kituo cha afya.

Kumletea kinyonga mwingine kesho yake hakusaidii. Tena kumfuga mnyamapori kunahitaji kibali, na mwaka 2016 serikali ilizuia hata kuwasafirisha nje wakiwa hai. Mtoto anayewapenda aonyeshwe mti wanapolala. Usiku, kwa mwanga wa tochi, kinyonga aliyelala huonekana mweupe juu ya tawi, na huweza kuhesabiwa bila kuguswa.