Kiingereza cha Sayansi, Sehemu ya Tatu: Roketi, Kuanzia Tangini Hadi Angani

Mwanafunzi wa sekondari hapa Songea hukutana na maneno ya Kiingereza ya roketi mahali pawili. Darasani huyakuta kwenye kanuni ya tatu ya Newton. Nyumbani huyasikia kwenye taarifa za habari za vita. Wengi huyaandika kwenye daftari, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, wakayakariri usiku wa kuamkia mtihani. Wiki ikipita, yamekwisha kichwani. Katika sehemu mbili zilizotangulia tulishughulikia umeme na injini ya pikipiki, na leo njia yetu ni ileile: tuelewe kwanza chombo kinavyofanya kazi, kisha kila neno tuliweke pale linapofanya kazi yake.

Roketi hupaaje? Wapo wanaodhani kwamba huisukuma hewa iliyo chini yake. Dhana hiyo iliwahi kuwanasa hata wasomi. Mwaka 1920 gazeti la New York Times la Marekani lilimkejeli mwanafizikia Robert Goddard, likidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo na hewa ya kusukumwa. Goddard aliendelea na kazi yake, na tarehe 16 Machi 1926 akarusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya kimiminika. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu tu, ikafika mita 12 hivi. Gazeti lilisahihisha kauli yake tarehe 17 Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiwa tayari njiani kwenda mwezini. Goddard alikuwa amefariki tangu 1945.

Ukitaka kuona alichokijua Goddard, nenda Mbamba Bay, usimame kwenye mtumbwi uliotulia, kisha utupe gunia la mahindi kwa nguvu upande wa nyuma. Mtumbwi utasogea mbele hata kabla gunia halijagusa maji. Umelisukuma gunia, nalo limekusukuma wewe. Roketi hutupa gesi kuelekea chini, na gesi huisukuma roketi kuelekea juu. Nguvu hiyo ya msukumo ndiyo Waingereza huiita "thrust". Kadiri gesi inayotupwa kila sekunde inavyokuwa nyingi, na kadiri inavyotoka kwa kasi, ndivyo "thrust" inavyoongezeka. Roketi itanyanyuka pale tu nguvu hiyo itakapouzidi uzito wake.

Gesi hiyo inatoka wapi? Turudi tangini. Pikipiki huchoma petroli kwa oksijeni inayoivuta kutoka hewani. Roketi inakwenda kusikokuwa na hewa, kwa hiyo lazima ibebe oksijeni yake. Hapa yapo maneno matatu yanayochanganywa sana. "Fuel" ni kile kinachoungua. "Oxidizer" ni kile kinachotoa oksijeni ya kukiunguza. Vyote viwili kwa pamoja ni "propellant". Hatua ya kwanza ya roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Mwanafunzi akiandika kwamba oksijeni ile ni "fuel", amekosea fizikia, si Kiingereza tu.

Viwili hivyo hukutana katika "combustion chamber", yaani chumba cha mwako. Humo huungua na kuwa gesi yenye joto kali na shinikizo kubwa, nayo hutafuta pa kutokea. Mlango wake ni "nozzle", mdomo uliobanwa katikati kisha ukapanuka kuelekea nje. Penye mbano gesi hufikia kasi ya sauti; panapopanuka huzidi kwenda mbio. Kinachotoka ndicho "exhaust". Tulipozungumzia pikipiki tulisema ekzosi ni bomba la kutolea moshi. Kwenye roketi neno hilo hutumika zaidi kwa gesi yenyewe.

Mafuta yakiisha, tangi tupu linakuwa mzigo wa bure. Ndiyo maana roketi hujengwa kwa vipande vinavyoachwa njiani kimoja baada ya kingine. Kila kipande huitwa "stage", neno ambalo wengi wetu tunalijua kwa maana ya jukwaa la muziki au ngazi ya jambo. Mfano mzuri tunao jirani. Karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimika majukwaa baharini. La San Marco lilirushia roketi. La Santa Rita lilikuwa la kuongozea. Kati ya 1967 na 1988, roketi tisa za Kimarekani aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Scout ilikuwa na "stage" nne, zote za mafuta magumu, yaani "solid propellant", ambamo "fuel" na "oxidizer" huchanganywa kabisa tangu kiwandani.

Kwa nini Malindi? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hupata kasi hiyo bila kuchoma tone la mafuta. Vipande vinavyoachwa navyo huangukia Bahari ya Hindi, mbali na makazi ya watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Scout iliondoka hapo na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Ilipewa jina la Uhuru. Setilaiti ile, yenye kilo 140 hivi, ndiyo iliyokuwa "payload", mzigo ambao kwa ajili yake safari yote ilifanywa. Njia yake ya kuizunguka dunia ni "orbit". Kubaki katika njia ya karibu namna hiyo kunahitaji kasi ya takriban kilomita 7.6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka hazitimii dakika mbili.

Sasa taarifa za vita. "Rocket" na "missile" husukumwa kwa namna ileile mara nyingi. Tofauti yao ni uongozaji. "Missile" ina "guidance", yaani mfumo unaoielekeza ikiwa njiani, na mbele hubeba "warhead", sehemu yenye vilipuzi. Katika Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, jeshi letu lilitumia mizinga ya BM-21 yenye mirija 40, ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Silaha zake zilikuwa na "warhead" lakini hazikuwa na "guidance": zikishatoka kwenye "launcher", yaani mtambo wa kuzirushia, hakuna wa kuzigeuza. Ndiyo maana Kiingereza huziita "rockets".

Angalizo la matamshi: "launch", kurusha, ina sauti ya "o" ndefu. Ukiitamka kwa "a" fupi utakuwa umesema chakula cha mchana.

Zoezi la wiki hii: eleza kwa Kiingereza safari ya setilaiti ya Uhuru, kuanzia kwenye mafuta ya Scout hadi kwenye "orbit", kwa sentensi nane. Tumia "propellant", "combustion chamber", "nozzle", "exhaust", "thrust", "stage", "payload" na "orbit" kwa mpangilio huo, kila sentensi neno moja. Ukikwama katikati, usikimbilie kamusi. Jiulize gesi imefika wapi. Wiki ijayo tutaanza na maneno ya setilaiti ikiwa kazini: inavyopata umeme, na inavyotuma habari duniani.