Coleridge-Taylor: Wimbo uliotajirisha wengine

Jioni ya Novemba 11, 1898, ukumbi wa Chuo cha Kifalme cha Muziki jijini London ulifurika watu. Miongoni mwao alikuwamo Arthur Sullivan, mtunzi aliyevuma Uingereza nzima. Alikuwa mgonjwa, lakini alishaahidi kwamba angefika hata kwa kubebwa. Wote walikuja kusikia kazi mpya ya kwaya na okestra, Hiawatha's Wedding Feast. Aliyeitunga, Samuel Coleridge-Taylor, alikuwa kijana mweusi wa miaka 23.

Alizaliwa London Agosti 15, 1875. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Taylor, alitoka Sierra Leone kwenda Uingereza kusomea udaktari, akarudi Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Samuel akalelewa na mama na babu mjini Croydon, kusini mwa London. Babu huyo alikuwa fundi wa kuwapigilia farasi vyuma vya kwato, lakini fidla nayo aliiweza, na ndiye aliyempa mjukuu wake masomo ya kwanza.

Kipaji hakikufichika. Mwaka 1890, akiwa na miaka 15, alipokelewa katika Chuo hichohicho cha Kifalme cha Muziki kusomea fidla, kisha akahamia utunzi chini ya Charles Stanford, mwalimu asiyependa mchezo. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanafunzi mwenzake alimtukana Samuel kwa sababu ya rangi yake. Stanford alimwita kando kumtuliza, akamwambia kwamba muziki ulio katika kidole chake kidogo unazidi ule ulio katika mwili mzima wa yule aliyemtukana.

Mwaka huohuo wa 1898, Edward Elgar, mtunzi mwingine mashuhuri, alialikwa kuandika kazi kwa ajili ya tamasha la Gloucester. Hakuwa na nafasi, akawaambia waandaaji wampe kazi hiyo Coleridge-Taylor. Basi jina lake lilikuwa limeanza kusikika hata kabla ya usiku ule wa Novemba.

Hiawatha's Wedding Feast inatokana na shairi la Mmarekani Henry Longfellow kuhusu shujaa wa Wahindi Wekundu, na inasimulia karamu ya harusi yake. Kwaya ndiyo inayobeba hadithi karibu yote. Mwimbaji mmoja tu wa sauti ya tenor, yaani sauti ya juu ya kiume, ndiye anayepewa wimbo wa peke yake. Tuni ni fupi, zinashikika upesi, kisha zinarudi zikiwa zimevikwa ala nyingine. Hata kwaya za watu wasioishi kwa muziki ziliiweza, ndiyo maana ikaenea haraka Uingereza na ng'ambo.

Nakala ziliuzwa kwa wingi, lakini fedha hazikumfikia mtunzi. Alikuwa ameshaiuza kazi hiyo moja kwa moja kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Hakuwekewa mirabaha. Ili kuilisha familia yake ilimbidi afundishe, aongoze kwaya na kuamua mashindano ya muziki, huku akiendelea kutunga.

Asili yake hakuionea haya. Mwaka 1900 alishiriki Mkutano wa Umajumui wa Afrika uliofanyika London. Mwaka 1905 zilichapishwa nyimbo 24 za watu weusi, kutoka Afrika, Visiwa vya Karibi na Marekani, alizozipangia kinanda. Alitaka kuzifanyia kile ambacho mtunzi Dvořák aliwafanyia watu wa Bohemia na mtunzi Grieg wa Norway: kuuingiza muziki wa wananchi katika kumbi kubwa. Huko Washington, waimbaji weusi walikuwa wameanzisha kwaya yenye jina lake. Walimwalika mwaka 1904, na katika ziara hiyo Rais Theodore Roosevelt alimpokea Ikulu.

Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka kwenye kituo cha treni cha West Croydon. Siku chache baadaye, Septemba 1, nimonia ilimuua. Alikuwa na miaka 37.

Mjane wake, Jessie, aliachwa na watoto wawili. Wanamuziki waliandaa tamasha la kuichangia familia, naye mfalme akampa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Watu walihoji: itakuwaje familia ya mtu ambaye wimbo wake unaimbwa kila mahali ichangiwe? Kisa chake kikawa mfano uliotajwa na waliodai haki za watunzi, na mwaka 1914 kikaundwa chama cha Uingereza cha kuwakusanyia watunzi malipo kila kazi zao zinapopigwa hadharani.

Kati ya 1924 na 1939, Hiawatha iligeuzwa onyesho kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, mamia ya waimbaji wakiwa wamevalia mavazi ya hadithi. Watoto wote wawili wa Coleridge-Taylor, Hiawatha na Avril, walifuata njia ya muziki. Siku hizi okestra ya Chineke!, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015 ili kuwapa nafasi wanamuziki weusi na wa jamii nyingine zilizosahaulika, imerekodi kazi zake. Kijana anayetaka kumsikia aanze na Deep River, mojawapo ya zile nyimbo 24, kisha aende kwenye konseto yake ya fidla ya mwaka 1912.