Uzamili wa Dizaini: Piga Hesabu Mpaka Mwisho wa Tasnifu

Umemaliza shahada ya kwanza na unaishi Woodley. Unachora nembo na mabango ya wateja kutoka Adams mpaka Kawangware. Kazi ipo, lakini pesa huja zikitaka: mwezi huu elfu tisini, mwezi ujao elfu thelathini. Sasa unataka kurudi shule kusomea uzamili wa dizaini. Utaweza kulipa?

Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Ila usihesabu karo ya muhula wa kwanza peke yake. Hesabu mpaka tasnifu.

Je, kuna faida?

Dizaini si kuchora tu. Mwaka 2005, M-PESA ilipojaribiwa nchini, ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Waliokuwa wakiifuatilia wakaona wateja wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ikabadilishwa, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiyo ilikuwa kazi yake kuu. Kutazama mtu anavyotumia kitu, kisha kukirekebisha, ndiyo dizaini yenyewe, na uzamili hukupa muda wa kujifunza utafiti wa aina hiyo.

Tena si lazima uende mbali. Kutoka Woodley unapanda matatu ya Ngong Road, unashuka tao, unatembea hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako dizaini imefundishwa tangu miaka ya 1960.

Pesa hukwama wapi?

Masomo ya darasani yana ratiba. Tasnifu haina. Msimamizi atasema rudia sura hii, au utafiti utachukua muda kuliko ulivyodhani. Kila muhula unaoongezeka unaweza kuja na ada yake, na kama pesa zimeisha, shahada inabaki nusu. Ukiwa umeshalipa karo nyingi hivyo, hiyo ni hasara kubwa.

Tufanye hesabu

Huu ni mfano tu. Weka takwimu za chuo chako. Tuseme karo yote ni sh 360,000 kwa miaka miwili, mihula minne. Hiyo ni sh 90,000 kila muhula, au sh 15,000 kila mwezi.

Siri iko kwenye tarehe ya kuanza. Anza kuweka sh 15,000 miezi sita kabla ya kujiunga, na usiache mpaka miaka miwili iishe. Hiyo ni miezi 30, yaani sh 450,000. Utakuwa umelipa mihula yote minne, na muhula wa tano wa tasnifu uko tayari. Ukimaliza kwa wakati, hela ni zako.

Usisahau vitu vidogo. Nauli ya sh 200 kwa siku, siku tatu kwa wiki, ni kama sh 2,400 kwa mwezi. Kuprinti na vifaa, weka sh 3,000. Na kama bado unalipa deni la HELB la shahada ya kwanza, liingize pia. HELB hukopesha hata wanafunzi wa uzamili, lakini mkopo ni deni, si akiba.

Mapato yasiyo na mpangilio

Usingoje mwisho wa mwezi. Mteja akilipa, toa robo siku hiyo hiyo uiweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa. Akilipa elfu nane, elfu mbili inaenda. Kwa wastani wa sh 60,000 kwa mwezi, robo ndiyo zile sh 15,000. Pokea malipo ya kazi kwa nambari ya Till, si kwa laini yako binafsi, manake pesa za kazi zikichanganyika na za unga, hutajua robo ni ya nini.

Kabla hujalipa

- Hakikisha kozi imeidhinishwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo huidhinisha.
- Toa nambari ya malipo kwenye tovuti rasmi ya chuo au kwenye barua yako ya kujiunga. Usiichukue kwenye ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa.
- Usitume karo kwa nambari ya mtu binafsi, hata kama anajiita wakala na anasema nafasi zinaisha leo. Anayekuharakisha ndiye wa kuogopa.
- Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Kama si la chuo, katisha.
- Kwenye nafasi ya akaunti, andika nambari uliyopewa na chuo. Ukikosea, pesa zinaweza kufika lakini jina lako lisionekane.
- Hifadhi ujumbe wa uthibitisho mpaka uone malipo kwenye akaunti yako ya chuo.

Ukituma kimakosa, usingoje kesho. Wasiliana nasi papo hapo ukiwa na ule ujumbe wa uthibitisho. Pesa zikishatolewa upande wa pili, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Leo jioni, chukua karatasi uandike mambo matatu: karo yote, mwezi utakaojiunga, na mwezi ulio miezi sita kabla yake. Huo wa mwisho ndio mwezi wako wa kuanza.