Aina za Dau katika Ruleti na Hesabu Inayoziunganisha

Ruleti ni mchezo wa kamari unaochezwa kwa gurudumu lililolazwa mezani. Ukingoni mwake kuna vijumba vidogo vyenye namba. Gurudumu la Ulaya lina vijumba 37: namba 1 hadi 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, pamoja na sifuri yenye rangi ya kijani. Gurudumu la Marekani huongeza sifuri ya pili, 00, na kufikisha vijumba 38. Mwendesha mchezo hulizungusha gurudumu upande mmoja na kurusha kipira upande wa pili. Namba ya kijumba ambamo kipira kitatulia ndiyo inayoshinda.

Madau huwekwa juu ya kitambaa chenye mchoro wa namba zote. Sifuri hukaa peke yake kichwani, na namba 36 zilizobaki hupangwa katika mistari 12 ya namba tatu tatu. Zikitazamwa kwa wima, huunda safu tatu, kila moja ikiwa na namba 12. Mahali dau linapowekwa juu ya mchoro huo ndipo panapoonyesha aina yake.

Kundi la kwanza ni madau ya ndani, yanayowekwa juu ya namba zenyewe. Dau la namba moja hukaa katikati ya chumba chake na hulipa 35 kwa 1: aliyeweka shilingi 1,000 hupata 35,000 na kurudishiwa 1,000 yake. Dau likiwekwa juu ya mstari unaotenganisha namba mbili jirani, kwa mfano 8 na 9, hulipa 17 kwa 1. Likiwekwa ukingoni mwa mstari mzima wa namba tatu, kama 7, 8 na 9, hulipa 11 kwa 1. Penye makutano ya vyumba vinne, mathalani 8, 9, 11 na 12, malipo ni 8 kwa 1. Mistari miwili inayofuatana, yaani namba sita, hulipa 5 kwa 1.

Kundi la pili ni madau ya nje, yenye nafasi zake pembezoni mwa mchoro. Mchezaji anaweza kuchagua nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, namba ndogo (1 hadi 18) au kubwa (19 hadi 36). Yote haya hulipa 1 kwa 1. Dau la dazeni, yaani 1 hadi 12, 13 hadi 24 au 25 hadi 36, hulipa 2 kwa 1, sawa na dau la safu nzima ya wima. Sifuri haihesabiki kuwa nyekundu wala nyeusi, shufwa wala witiri. Ikitokea, kwa kawaida madau ya nje hupotea.

Yapo pia madau yanayofuata mpangilio wa namba kwenye gurudumu, ambao ni tofauti na ule wa kitambaa. Katika meza za mtindo wa Kifaransa mchezaji anaweza kutamka kwamba anataka majirani wa sifuri, yaani namba 17 zilizo karibu nayo kwenye gurudumu. Mwendesha mchezo humgawia vipande tisa vya dau juu ya namba hizo. Hili si dau jipya kwa hesabu, bali ni mkusanyiko wa madau ya ndani yaliyokwisha kuelezwa.

Malipo yote hayo yamepangwa kana kwamba gurudumu lina vijumba 36, hali vijumba ni 37. Tuseme kila namba imetokea mara moja katika mizunguko 37, na kila mzunguko umewekewa shilingi 1,000. Aliyeshikilia namba moja ameshinda mara moja na kupokea 36,000. Aliyeshikilia nyekundu ameshinda mara 18, kila mara akipokea 2,000. Jumla ni 36,000 vilevile. Wote wawili wametoa 37,000. Pengo hilo, takriban asilimia 2.7, ndilo faida ya kasino. Kwa gurudumu la Marekani hufika asilimia 5.26. Huko pia kuna dau la namba tano (0, 00, 1, 2 na 3) linalolipa 6 kwa 1, na faida ya kasino hupanda hadi asilimia 7.89. Kinyume chake, baadhi ya meza za Kifaransa hurudisha nusu ya dau la 1 kwa 1 sifuri inapotokea, na pengo kushuka hadi asilimia 1.35.

Kuongeza dau maradufu kila baada ya kushindwa hakubadili hesabu hii. Anayeanza na shilingi 1,000 akashindwa mara kumi mfululizo hulazimika kuweka 1,024,000 ili apate faida ya 1,000 tu, na meza huwa na kikomo cha dau. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo, na waliozidi kuweka fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika walipata hasara kubwa. Gurudumu halikumbuki mzunguko uliopita.

Kwa hiyo aina ya dau huamua mchezaji atashinda mara ngapi na kwa kiasi gani kila mara. Haiondoi faida ya kasino, na kadiri mtu anavyocheza kwa muda mrefu, ndivyo faida hiyo inavyozidi kutoka mfukoni mwake.